Akaunti Mbili, Kikomo Kimoja: Jinsi Mume na Mke Wanavyogawana HSA Marekani

Ilikuwa Februari 2025. Meza ya jikoni imejaa karatasi, chai imepoa, mke wangu ameweka kidole kwenye kisanduku namba 12 cha W-2, ile fomu ya mshahara wa mwaka anayotoa mwajiri. "Baba Neema, hebu njoo uone. Hizi W mbili ukizijumlisha zinapita."

Kwenye W-2 yake, mbele ya herufi W, inayoonyesha pesa zilizoingia kwenye HSA (akiba ya matibabu) kupitia kazini, palikuwa na dola 8,300. Kwenye yangu palikuwa na dola 2,400, yaani 1,900 nilizokatwa mshaharani na 500 alizoniongezea mwajiri. Mwaka 2024 familia nzima iliruhusiwa kuweka dola 8,300 na si zaidi. Tulikuwa tumezidisha 2,400 na hakuna aliyetuzuia, si kazini kwake, si kazini kwangu, wala huko akaunti zilikofunguliwa. Kila upande uliiona bima yake peke yake. Kazini kwake waliona bima ya familia na kumruhusu 8,300. Kwangu waliona bima ya mtu mmoja, ambayo kikomo chake kilikuwa 4,150, na 2,400 ilikuwa mbali nacho. Kwa hiyo hesabu ya nyumba ni kazi ya wenye nyumba, na huu ndio utaratibu tunaoufuata tangu siku ile. Tarakimu nimeweka za 2026.

Kwanza tuelewane

HSA ni akaunti ya akiba ya matibabu iliyoanza Januari 2004. Pesa inaingia bila kukatwa kodi ya mapato, inakua bila kodi, na ukiitumia kwa matibabu inatoka bila kodi. Haifutwi mwaka ukiisha, na ukiacha kazi unaondoka nayo. Kuna majimbo machache yasiyofuata mkumbo huu: California na New Jersey zinaitoza kodi ya jimbo pesa unayoweka, kwa hiyo ukiishi huko usishangae mahesabu ya jimbo yakitofautiana na ya serikali kuu.

Ili uweke pesa humo lazima uwe na bima aina ya HDHP, ile ambayo unajilipia mwenyewe hadi kiasi fulani kabla bima haijaanza kulipa. Kiasi hicho nitakiita kizingiti. Kwa 2026, HDHP ni bima yenye kizingiti kisichopungua dola 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia, na jumla utakayotoa mfukoni kwa mwaka isizidi 8,500 kwa mmoja au 17,000 kwa familia. Kuanzia 2026 bima za daraja la Bronze zinazonunuliwa kwenye soko la bima la serikali nazo zinahesabiwa, hata kama zamani zilikuwa hazifikii masharti. Kwa madereva wa teksi za mtandaoni na wengine waliojiajiri, hilo ni badiliko kubwa.

Vikomo vya kuweka kwa 2026 ni dola 4,400 kwa mwenye bima ya mtu mmoja na 8,750 kwa mwenye bima ya familia. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hutangaza vya mwaka unaofuata kabla ya Juni kuanza, kwa hiyo msimu wa kujiandikisha bima ukifika mnakuwa mmeshavijua.

Sasa neno "familia". Hapa halina maana ya nyumba nzima. Bima ya familia ni ile inayokubeba wewe na angalau mtu mwingine mmoja. Mama aliyejiandikisha na mtoto mmoja, baba akiwa na bima yake kwingine, ana bima ya familia. Hilo moja ndilo lililotuangusha.

Hatua ya 1: Kila mmoja ajipime peke yake

HSA ya pamoja haipo. Hakuna benki itakayokufungulia akaunti moja yenye majina mawili. Akaunti ni ya mtu na kikomo ni cha ndoa. Kwa hiyo kabla ya kugawana chochote, jueni nani kati yenu anaruhusiwa kuweka. Kila mmoja ajiulize, kwa kila tarehe mosi ya mwezi: nina HDHP? Sina bima nyingine ya kawaida juu yake? Sijajiunga na Medicare, bima ya serikali ya wazee, wala Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo? Hakuna mtu anayenitaja kama tegemezi kwenye ritani yake ya kodi?

Watoto wakiwa na Medicaid haiwadhuru ninyi. Inayohesabika ni hali ya mwenye akaunti.

Mtego unaowanasa wengi ni FSA, ule mfuko mwingine wa matibabu wa kazini. FSA ya kawaida inaweza kulipia matibabu ya mume na mke, hivyo sheria inaihesabu kama bima ya wote wawili. Mume akijiandikisha FSA ya dola mia tano tu kazini kwake, mke aliye na HDHP safi kabisa amepoteza haki ya kuweka kwenye HSA, hata kama hakuwahi kuigusa FSA hiyo. Inayosalimika ni FSA yenye mipaka, ya meno na macho tu. Ile FSA ya kulipia malezi ya watoto haina shida, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Hatua ya 2: Jueni mko kwenye hali gani

Chukueni kadi zote za bima zilizopo nyumbani mziweke mezani. Halafu mjitafute humu.

Wote wawili mko kwenye HDHP moja ya familia: mna 8,750 za kugawana. Hii ni rahisi, sitaikawilisha.

Kila mmoja ana HDHP ya mtu mmoja kazini kwake, na hakuna bima ya familia popote: kila mmoja ana 4,400 zake. Hapa hakuna kugawana. Mke hawezi kumpa mume nafasi asiyoitumia. Jumla yenu ni 8,800, yaani dola hamsini zaidi ya wenye bima ya familia. Hizo hamsini hazitajenga nyumba, lakini zipo.

Mmoja ana HDHP ya familia, mwingine ana HDHP ya mtu mmoja: hapa ndipo tulipokuwa sisi. Akili inasema 8,750 jumlisha 4,400. Sheria inasema mmoja wa wanandoa akiwa na bima ya familia, wote wawili wanahesabiwa kuwa nayo, na kikomo ni 8,750 kwa nyumba nzima. Ile 4,400 imemezwa.

Kila mmoja ana HDHP ya familia, mathalani mama amewaandikisha watoto kwake na baba naye kawaandikisha kwake: bado ni 8,750. Haiwi mara mbili.

Mmoja ana HDHP ya familia, mwingine ana bima ya kawaida inayombeba yeye peke yake: mwenye HDHP anaweza kuweka 8,750 zote. Mwingine ni sifuri. Watu wengi wa hali hii hujinyima wakidhani wamebakiwa na 4,400, wakati mlango wote uko wazi kwa mmoja wao. Hata huyo mwenye bima ya kawaida akiwa ameandikwa pia kwenye HDHP ya mwenzake, hesabu haibadiliki.

Mmoja ana HDHP ya mtu mmoja, mwingine ana bima ya kawaida ya peke yake: 4,400 kwa mwenye HDHP, basi.

Bima ya kawaida ya mmoja inawabeba wote wawili: hamna chenu. HDHP ikiwepo pembeni haisaidii.

Na kwa wanaoishi pamoja bila ndoa, kanuni ya kugawana haiwahusu. Wakiwa kwenye HDHP moja ya familia, na kila mmoja anajitegemea kikodi, kila mmoja anaweza kuweka 8,750 kwenye akaunti yake. Naam, hapa sheria inawapendelea wachumba kuliko wanandoa. Wazee wasisikie.

Mkijaza ritani ya kodi kila mmoja kivyake msidhani mmelikwepa hili. Kikomo kinafuata ndoa, hakifuati namna mnavyojaza.

Hatua ya 3: Hesabuni miezi

Kikomo ni cha mwaka mzima wenye miezi kumi na miwili ya bima inayokubalika. Bima ikikatika katikati, mnagawa. Tuseme HDHP ya familia iliisha Septemba 30 kwa sababu mama alibadili kazi, na kuanzia Oktoba wote wamo kwenye bima ya kawaida. Miezi ni tisa: 8,750 gawanya kwa 12, mara 9, ni dola 6,562.50. Aliyekuwa ameshaweka 7,000 kufikia Agosti amezidisha, ingawa siku anaweka alikuwa sahihi.

Kuna kanuni ya mwezi wa mwisho inayokwenda upande wa pili. Ukiwa na HDHP tarehe 1 Desemba, unaruhusiwa kuweka kana kwamba ulikuwa nayo mwaka mzima. Mtu aliyeanza kazi Agosti na bima ya familia angekuwa na miezi mitano, dola 3,645.83. Kwa kanuni hii anaweka 8,750. Tamu hiyo ina mfupa: ni lazima ubaki na sifa zote hadi Desemba 31 ya mwaka unaofuata. Ukitoka kabla, ile tofauti ya dola 5,104.17 inarudishwa kwenye mapato yako na kutozwa kodi, pamoja na adhabu ya asilimia 10, kama dola 510. Kwa mtu wa kazi za mkataba, au mwenye mpango wa kurudi nyumbani mwakani, mimi nisingemshauri aiguse.

Hatua ya 4: Gawaneni

Msipopatana chochote, sheria inawagawia nusu kwa nusu, 4,375 kila mmoja. Mkipatana, mnaweza kugawa mnavyotaka, hata zote kwa mmoja na sifuri kwa mwingine. Hakuna fomu ya kuomba ruhusa. Makubaliano yenu yanaonekana kwenye namba mtakazojaza wakati wa kodi.

Sisi tunafuata mpangilio huu, na sijaona sababu ya kuubadili.

Pesa za waajiri zinatoka kwanza kwenye kikomo. Kama kazini kwako wanakuwekea 500 na kwake wanamwekea 1,000, basi 8,750 toa 1,500, mmebaki na 7,250 za kuweka wenyewe. Watu husahau hili kwa sababu pesa ya mwajiri inaonekana kama zawadi. Ni zawadi kweli, ila inakula nafasi. Na kama mwajiri anatoa kwa sharti la wewe kuweka kwanza, weka hadi umalize sharti lake kabla ya kufikiria akaunti ya mwenzako.

Kinachobaki kipelekeeni yule anayeweza kukatwa mshaharani. Pesa ikikatwa mshaharani kabla haijakufikia, inakwepa kodi ya mapato na pia ile asilimia 7.65 ya Social Security (hifadhi ya jamii) na Medicare. Ukiiweka mwenyewe kutoka benki, unarudishiwa kodi ya mapato tu. Kwa dola 7,250, asilimia 7.65 ni dola 554 na senti. Ndiyo maana nyumba yenye mume aliyejiajiri na mke aliyeajiriwa, kwa kawaida akaunti ya mke ndiyo ijae kwanza.

Baada ya hapo angalieni ada. Kuna akaunti zinazokata dola mbili tatu kila mwezi hadi salio lifike kiwango fulani. Kubaki na akaunti mbili zenye vijisalio vidogo ni kulipa ada mara mbili.

Mkishagawa, andikeni kwenye karatasi: nani anaweka ngapi, mwajiri wake anaongeza ngapi, jumla ngapi. Yetu iko kwenye mlango wa friji, imeshikwa na sumaku, tangu Novemba. Mmoja akibadili makato kazini, anaiandika upya. Na kama mwaka ukiisha hamjajaza, mna hadi siku ya mwisho ya kodi. Kwa kikomo cha 2026, mnaweza kuweka hadi Aprili 15, 2027, mradi mwiambie benki kwamba hiyo ni ya 2026.

Hatua ya 5: Mkishafika miaka 55

Aliyefikisha miaka 55 kabla mwaka haujaisha anaruhusiwa dola 1,000 za nyongeza, kiasi kisichopanda na mfumuko wa bei. Nyongeza hii haigawiki. Kila mmoja anaiweka kwenye akaunti yenye jina lake mwenyewe.

Mume ana 58, mke ana 56, wote wana sifa, lakini ni mke tu mwenye HSA. Kwenye akaunti hiyo itaingia 9,750 na si zaidi. Ile 1,000 ya mume inapotea hadi mume afungue akaunti yake, hata kama ni ya kuweka hiyo elfu moja tu. Akifungua, nyumba inafika 10,750. Mwaka 2025 kulikuwa na pendekezo bungeni la kuruhusu nyongeza zote mbili ziingie akaunti moja, likaachwa njiani.

Mmoja akiingia Medicare, haki yake inakoma mwezi huohuo. Mwenzake akibaki na HDHP ya familia, anaendelea na kikomo cha familia. Mume akiingia Julai, mke bado ana 8,750, na mume ana nusu ya nyongeza yake, dola 500. Angalizo kwa wanaochelewa: ukijiandikisha Medicare baada ya 65, Sehemu A, ile ya hospitali, inaweza kurudishwa nyuma hadi miezi sita. Acha kuweka miezi sita kabla ya kuomba, la sivyo utajikuta umezidisha kwa miezi ambayo ulidhani ni salama.

Hatua ya 6: Fomu 8889

Kila mwenye akaunti anajaza Fomu 8889 yake, ile ya HSA inayoambatana na ritani, hata mkijaza ritani ya pamoja. Mstari wa 1 unauliza bima ni ya mtu mmoja au ya familia. Kumbuka kanuni: mmoja akiwa na ya familia, wote mnahesabiwa hivyo. Mstari wa 2 ni ulichoweka mwenyewe kutoka mfukoni. Pesa iliyokatwa mshaharani haiingii hapa. Hiyo inaingia mstari wa 9, pamoja na ya mwajiri, na ndiyo namba iliyo mbele ya W kwenye kisanduku 12.

Mstari wa 6 ndio wa mgawanyo wenu. Namba ya mstari wa 6 kwenye fomu yako ukijumlisha na ya mwenzako zisizidi kikomo cha familia. Mstari wa 7 ni nyongeza ya miaka 55. Ukimtumia mtu akujazie kodi, mpelekee W-2 zote mbili kwa pamoja. Ukimpelekea moja Februari na nyingine Machi, unampa kazi ya kubahatisha.

Hatua ya 7: Mkizidisha

Ziada ikikaa kwenye akaunti inatozwa asilimia 6 kila mwaka hadi itoke. Kwa 2,400 zetu ingekuwa dola 144, na tena mwaka unaofuata, na tena.

Tulipatana kwamba 8,300 zote ni za mke wangu, kwa hiyo ziada ikawa yangu yote. Nilipiga simu kwenye akaunti yangu nikaomba fomu ya kuondoa ziada ya mwaka 2024. Sema maneno hayo hasa. Ukitoa pesa kama unavyotoa siku zote itarekodiwa kuwa matumizi, na yasiyo ya matibabu yana adhabu ya asilimia 20 kwa aliye chini ya miaka 65. Wakaitoa 2,400 pamoja na faida iliyokuwa imezaa, dola 31. 2,400 zikaongezwa kwenye mapato yetu ya 2024, faida ikalipiwa kodi ya mwaka iliyotoka, na adhabu ikawa sifuri kwa sababu tulifanya kabla ya Aprili 15. Aliyejaza ritani kwa wakati lakini akagundua baadaye ana hadi Oktoba 15.

Njia nyingine ni kuiacha, kulipa hiyo asilimia 6 mara moja kwa Fomu 5329, ile ya kulipia adhabu hiyo, halafu mwaka unaofuata kuweka pungufu kwa kiasi hicho ili ziada imezwe. Kwa dola mia moja au mbili inaweza kufaa. Kwa elfu mbili, piga simu.

Kuitumia, pamoja na wa nyumbani

Kwenye matumizi sheria imelegea. Pesa ya akaunti yako inaweza kulipia matibabu ya mwenzi wako hata kama hana HDHP, ana Medicare, au yuko mbali. Mwenye mke Dodoma au Mombasa anayesubiri viza anaweza kulipia hospitali yake huko kutoka kwenye HSA, kwa matibabu ambayo ni halali hata Marekani. Dawa alizoandikiwa na kuzitumia hukohuko zinakubalika pia, kama ni halali nchi zote mbili. Tunza risiti yenye jina la mgonjwa, tarehe na huduma. Ya mkono inatosha ikisomeka, na uandike kiwango cha kubadilisha fedha siku hiyo. Sharti ni kwamba gharama iwe imetokea baada ya akaunti kufunguliwa.

Mama yako mzazi aliye Mwanza ni jambo tofauti, na hili linauma. Hata ukimlipia kila kitu, tegemezi wa kikodi anatakiwa awe raia au mkazi wa Marekani, au mkazi wa Kanada au Meksiko. Upasuaji wa macho wa mama utaulipia kwa pesa nyingine.

Jambo la mwisho liko kwenye ukurasa wa mrithi. Mwenye akaunti akifariki na mrithi ni mwenzi wake, HSA inakuwa ya mwenzi kama ilivyo, bila kodi. Akiandikwa mtu mwingine yeyote, akaunti inakoma kuwa HSA na salio linakuwa mapato ya kutozwa kodi mwaka huo. Yangu nilikuta iko tupu tangu nilipoanza kazi. Kumwandika mke wangu kulichukua dakika nne, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri maji ya ugali yachemke.